Aliombwa azime picha, akanizima mimi, kisha ati sauti yangu ndiyo ndogo!

Mpimakorosho (Mtwara):
Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu jambo lenyewe halijatimiza saa mbili. Yule fundi wa simu mnamjua. Kuanzia Shangani hadi Mikindani hakuna ofisi yenye simu za intaneti ambayo hajaipitia na kuiachia ugonjwa mpya, kwa hiyo jina lake sina haja ya kulitaja. Leo, mbele ya makarani wangu wawili na mama anayetuletea chai, amenitazama usoni akaniambia: "Mzee, labda sauti yako ndiyo ndogo."

Sauti yangu! Mimi ambaye nikimwita kuli ghalani, watu wa ng'ambo ya Ruvuma hugeuka kuuliza wameitiwa nini.

Nilimwomba jambo moja tu. Simu zetu zikipiga nje hutanguliza ujumbe wa maandishi, yaani pendekezo, wenye mistari ya mikondo miwili, wa sauti na wa picha, na picha ilikuwa ikila intaneti yote ya ofisi bila faida yoyote, kwa kuwa bosi wangu aliyeko Dar es Salaam anataka kusikia hali ya korosho kabla ya mnada, si kukitazama kipara changu. Kwa anayeijua kazi, ni kuuacha mstari wa picha nje ya pendekezo la mwanzo. Na kama simu imekwisha kuunganishwa, mstari hubaki palepale ila namba ya poti yake, yaani mlango wa kupitia mkondo huo, huandikwa sifuri, kuonyesha umefungwa. Yeye aliiacha picha kama ilivyokuwa, akaenda kwenye mstari wa sauti, akaupachika neno recvonly, yaani simu yetu inatangaza kwamba itapokea sauti na haitatuma hata kikohozi. Mtambo wa upande wa pili, kwa adabu zake zote, ukajibu sendonly, yaani wao watatuma tu, hawatapokea.

Basi simu ikaita, ikapokelewa, dakika zikahesabiwa, nami nikamsikia bosi waziwazi akisema "haloo, haloo" huku nikimtajia magunia kwa sauti iliyowahamisha kunguru wa bandarini. Dakika kumi na moja! Alipochoka akakata, akanipigia yeye, tukasikilizana vizuri, kwa sababu simu zinazoingia hazikuguswa. Kufikia hapo bei ilikuwa imekwisha kuandikwa na wenzetu.

Nikamwita fundi. Mnajua alijaribuje? Alipiga namba ya ndani ya chumba cha pili, ambayo haipiti kabisa kwenye mpangilio wa simu zinazotoka, akasalimiana na karani, akakirudisha kikonyo cha simu mahali pake, ndipo akanigeukia: "Mzee, labda sauti yako ndiyo ndogo." Mama wa chai alicheka mpaka akaliweka birika chini.

MwanaMikindani:
Pole sana, mkuu, ila tunakuomba urudie kwa herufi kubwa, kwani huku Mikindani hatujakusikia.

Kusi_na_Kaskazi:
Ndugu zangu, tusimhukumu fundi wa watu. Sauti ya upande mmoja mara nyingi husababishwa na ruta: simu huandika anwani ya ndani kwenye pendekezo lake, mtambo wa mbali unatuma sauti kwenye anwani ambayo haifikiki, na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Mpimakorosho:
Kusi, hayo unayoyaeleza yangeniziba masikio mimi, ilhali mimi nilikuwa nikisikia kila "haloo". Nimeusoma ujumbe wenyewe, na neno recvonly limekaa chini ya mstari wa sauti kama kunguni kwenye godoro. Isitoshe, hata ingekuwa ruta, je, ni ruta iliyoniambia sauti yangu ni ndogo mbele ya mama wa chai?

BintiNachingwea:
Afadhali wewe, kaka, uliyetukanwa mara moja. Sisi huku Lindi, huyo huyo alitupangia simu za kumsubirisha mteja kwa kuandika anwani tupu ya 0.0.0.0, mtindo wa mwaka 1999, wakati tangu mwaka 2002 maelekezo ya simu hizi yanasema mkondo ubadilishwe uelekeo kwa sendonly au inactive, yaani hakuna anayetuma wala kupokea. Tukimsubirisha mteja anayetumia mtambo mpya, tukimrudia hatumpati. Nilipomlalamikia aliniambia kwamba wateja wa Lindi hawana subira.

MwanaMikindani:
Ni kweli hawana.

Ngalawa_Kuukuu:
Nyote hamjapata makubwa. Mimi kwenye simu yangu alinifungulia picha kwa kila simu inayotoka, bila kuniuliza na bila kunifundisha kuizima. Alfajiri moja, kifua wazi, nimejifunga kikoi, nikampigia mama mkwe kumpa pole ya homa. Nilidhani tunaongea kwa sauti tu, kumbe mkondo wa pili ulikuwa wazi tangu simu ilipopokelewa.

BintiNachingwea:
Yarabi! Mama mkwe alisema nini?

Ngalawa_Kuukuu:
Alisema, "Baba, mimi nimepata nafuu, nenda kavae shati."

Kusi_na_Kaskazi:
Hapo kosa ni la mwenye simu. Mtambo wa mama mkwe ungeweza kuukataa mkondo wa picha kwa kujibu poti sifuri, na sauti ikaendelea. Ulipaswa kumwekea mama simu isiyokubali picha.

Mpimakorosho:
Wakuu, naomba turejee kwenye uzi. Mzee mzima nimeambiwa...

MwanaMikindani:
Ngalawa, kikoi kilikuwa cha rangi gani?

Ngalawa_Kuukuu:
Waulize mashemeji, kwa maana walikuwa wamekusanyika wote kumjulia hali. Tangu siku hiyo nimebandika plasta juu ya kamera, ila picha bado inatumwa, nyeusi, na inakula intaneti yangu. Fundi ameahidi kuja Jumamosi.

BintiNachingwea:
Jumamosi ipi? Sisi ametuahidi hiyo hiyo.