Mrejesho: vidonge vya virutubisho, miaka 47

Wapendwa, ni mimi wa Mtwara niliyeuliza ninywe vidonge gani, nachoka na magoti yananiuma. Asanteni, hasa aliyesema nipime kwanza. Damu ilikuwa chini! Kumbe nashushia kila mlo kwa chai ya rangi, nayo huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Daktari alinipa vidonge vya chuma miezi mitatu. Chai nimeisogeza mbali na chakula, mchicha naukamulia ndimu. Uchovu umepungua sana.

Vidonge vya kalsiamu, madini ya mifupa, vilinifungia choo, nikaacha. Sasa natafuna dagaa na mifupa yao. Magoti bado, nikichuchumaa kupara samaki nainuka kwa kushika ukuta. Nilinunua pia kopo la virutubisho vya "kurudisha ujana" la shilingi elfu themanini, limebaki kabatini, mume wangu ananicheka.