Mrejesho: "search" na "search for"

Wakuu, niliomba msaada wa kumweleza mdogo wangu wa kidato cha pili tofauti ya hunt, chase, pursue, seek na search, maana daftarini kwake karibu zote zilikuwa "tafuta" au "fukuza". Asanteni sana, zimemwingia.

Kilichomfungua ni search. Tulikuwa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, nikamwandikia sentensi mbili: "The police searched the boat" na "The police searched for the boat". Ya kwanza boti ipo pale pale. Polisi wanaipekua, wanafunua turubai, wanachungulia chini ya nyavu. Ya pili boti yenyewe haijulikani iliko, inasakwa ziwani. Hiyo for moja inageuza habari yote, na ndiyo ninayowaomba walimu waikazie.

Chase ni mbio, anayefukuzwa yuko mbele yako. Pursue ni rasmi zaidi, hubeba hata masomo: pursue a degree. Hunt ni kuwinda, ila kwa Kiingereza hata kazi na nyumba huwindwa. Seek tumeiweka kwenye barua za kuomba ruhusa, seek permission. Wakati uliopita inakuwa sought.

Look for na look after bado anazichanganya. Tutazishughulikia Jumamosi, hizo mbili tu, kama mlivyonishauri.