Wakuu, nishati safi ya kupikia tuifikisheje kwa wapangaji wa uswahilini?

Mwanakamati
Habarini wakuu. Niko kwenye kamati ya mtaa huku Mbagala, tumeambiwa tuhamasishe watu waachane na mkaa, si mnaujua ule mkakati wa taifa wa 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sawa, mkutano tumeitisha, kina mama wamejaa, mtaalamu kaja na presha kuka ya umeme kachemsha maharage palepale mbele za watu, yameiva hata saa haijaisha, makofi, mapicha, watu wakatawanyika. Jioni unapita uchochoroni kila mlango jiko la mkaa linapepewa kama kawa. Sasa wazoefu nisaidieni, hawa tunawashirikishaje mpaka wabadilike kweli? Maana elimu wanayo, moshi wanaukohoa wenyewe. Nawasilisha.

Fundi Breka
Mkuu mmemuita asiyehusika. Mpangaji hana sauti kwenye umeme. Mimi ni fundi, nyumba nyingi nazoingia huko zina vyumba sita mpaka kumi, LUKU (mita ya umeme) moja, na sheria ya mwenye nyumba ni taa, tivii, feni, chaji ya simu, pasi mpaka uombe, jiko la umeme marufuku. Na wala sio roho mbaya, waya alizotandaza ni zile nyembamba za taa, zote zimeingia breka moja, ziwashwe presha kuka mbili na mtu anapiga pasi, nyumba nzima giza. Kuna soketi nimezikuta zimeyeyuka zimekuwa kahawia mtu kabandika selotepu anaendelea na maisha 😂 Itisheni wenye nyumba kwanza, na hao kwenye mikutano ya nishati hawaji, wengi hata hawaishi hapo, wavizieni wanapofuata kodi.

Kitaa Economist
Fundi kamaliza, naongezea kwenye hela. Ile tarifa (bei ya umeme) ya wanyonge ya shilingi 100 kwa uniti (kabla ya makato) ni ya anayetumia mwisho uniti 75 kwa mwezi. Sasa vyumba sita mita moja, kila chumba kikila uniti 30 tu mshafika 180, wote mnahesabiwa kama tajiri mmoja, uniti inacheza kwenye 356 pamoja na makato. Yaani maskini sita wakichangia mita wanalipa bei ya mtu wa Masaki. Hata hivyo hayo maharage hayali uniti nzima, so bado hayafiki mia nne, linganisha na makopo ya mkaa yanayoishia hapo. Hiyo ndo hesabu ya kumpa mama, achana na habari za misitu.

Mama Wali
Nyie mnaongea umeme tu, gesi je? Mimi nina genge la chakula, mkaa nanunua kwa kopo kwa hela ya mauzo ya jana, lakini mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha natakiwa nitoe hela yote kwa mkupuo na siku hiyo ndo ada ya mtoto. Mitungi ya bure tuligawiwa tukapigwa picha na mgeni rasmi, gesi ikaisha, sasa hivi mitungi mingine watu wanakalia. Zile gesi za mita unazolipia kidogo kidogo kwenye simu ndo zinatufaa, ila huku kwetu sijaona wakala. Halafu na wali jamani, wali bila kupaliwa moto juu wateja wananisusia, hapo mkaa siuachi.

Bwana Mjini
Mikocheni kuna nyumba zinapikia gesi ya bomba kabisa. Mbagala lini?

Kitaa Economist
@Bwana Mjini bomba linapenda barabara zilizopimwa na nyumba zenye uzio, uchochoro wa futi nne utachimba wapi.

Mwanakamati
Asanteni, nimepata kitu, hasa hapo kwa wenye nyumba. @Fundi Breka nikimshika mwenye nyumba mmoja akakubali, tunamwambia afanye nini ambacho hakitamfilisi?

Fundi Breka
Asivunje nyumba nzima. Avute laini moja nene ya kupikia yenye breka yake, iishie sehemu moja uani au kwenye korido, soketi mbili za maana, na sabmita ya kuonyesha uniti zilizoliwa hapo. Wapangaji wapokezane kama wanavyopokezana choo na kamba ya kuanikia, walipe walichopikia, ugomvi wa "fulani anamaliza umeme" unapungua sana, na huo ugomvi ndo unaofanya wenye nyumba wapige marufuku. Akipata nguvu baadae aombe Tanesco mita za kila mpangaji. Anza na mwenye nyumba anayekaa humohumo ndani na wapangaji wake, maana nae anapika.

Mama Wali
Mkianza hiyo ya korido mnitag, nna mwenye nyumba wangu mbishi nataka akaone kwa macho.