MJADALA: Mwendeshaji mmoja, klabu mbili kwa msimu. Je, daraja la pili la spidiwei Uingereza linanufaika au linaumia?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo linalowagawa mashabiki wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki za timu, Uingereza kila msimu ukikaribia, naomba tulijadili kwa hoja. Sheria zao zinamruhusu mwendeshaji kusajiliwa na klabu ya ligi ya juu, SGB Premiership, na papo hapo akaiendeshea klabu ya daraja la pili, SGB Championship. Msimamo wangu: ruhusa hiyo ibanwe, tena mapema. Inaligeuza daraja la pili kuwa ghala la ligi ya juu.

Kwa asiyeujua mchezo, pikipiki ni ya cc 500, haina breki, ina gia moja, na inakunywa methanoli. Wanne wanaingia, wawili kila timu, wanazunguka mara nne, kona zote za kushoto, tairi la nyuma likiserereka muda wote. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka kapa. Mechi ina mbio 15, kwa hiyo pointi zote ni 90. Ukifika 46 umeshinda.

Timu ina watu saba tu. Ukimkosa kinara wako, umekosa karibu robo ya pointi zako. Sasa kinara wa daraja la pili mara nyingi ndiye huyohuyo anayetakiwa huko juu. Avunjike mfupa wa bega Jumatatu akiwa na klabu yake ya Premiership, Ijumaa Glasgow Tigers au Edinburgh Monarchs ndio wanaobaki na pengo. Pengo hilo linazibwa ama kwa wenzake kugawana mbio zake, ama kwa kumwazima mgeni kutoka klabu nyingine, mwenye wastani wa pointi usiozidi wa aliyeumia. Mgeni huyo wiki iliyopita alikuwa mpinzani! Shabiki aliyelipa kiingilio akiwa na skafu ya timu yake anaombwa amshangilie mtu ambaye wiki ijayo atarudi kumfunga. Mimi hili haliniingii akilini, na naamini ni sababu mojawapo ya watu kuona matokeo hayana uzito.

Halafu kuna ukomo wa wastani. Kabla ya msimu, wastani wa pointi wa kila mmoja wa wale saba unajumlishwa, na jumla haitakiwi kuvuka kiwango kilichowekwa. Nia ni njema, tajiri asikusanye kila mtu. Lakini timu iliyofanya vizuri ni ile ambayo watu wake wamepanda wastani, hivyo inalazimika kuwaacha baadhi. Klabu inamfundisha kijana miaka miwili, anaiva, inamtema kwa sababu hesabu imezidi. Nafasi chache zilizopo, badala ya kwenda kwa kijana mwingine, zinachukuliwa na mtu mzima ambaye tayari ana kazi Premiership. Nawasilisha.

Mchangiaji, Leicester

Mkuu, umeandika kama shabiki, na mimi nakujibu kwa kumtetea mwendeshaji. Hawa watu wamejiajiri. Pikipiki ni zao, injini ni zao, gari la kubebea ni lao, fundi wanamlipa wenyewe. Malipo yanafuata pointi. Akiwa kitandani hospitali, pointi ni sifuri na malipo ni sifuri. Ligi yenyewe ina klabu chache, kwa hiyo mechi za msimu mzima hazitoshi kumlisha mtu mwenye familia. Ukimwambia achague klabu moja tu Uingereza, wazuri watachagua Poland na Sweden, na wa kati wataacha mchezo kabisa.

Na hao vijana unaowatetea, wamekuzwa na sheria hiyohiyo. Dan Bewley alikuwa Workington Comets daraja la pili na huku akiiendeshea Belle Vue ligi ya juu. Mwaka 2018 Workington walibeba ubingwa wa Championship. Mwaka 2021 Bewley na Robert Lambert wakaipa Uingereza ubingwa wa mataifa, Manchester. Bila kupanda na kushuka vile angejifunzia wapi kasi ya wakubwa?

Mchangiaji, Dodoma

Wote mnazunguka. Tatizo ni kwamba hakuna kupanda wala kushuka kwa lazima. Huku kwetu kwenye soka ukiongoza Championship unakwenda Ligi Kuu, hakuna kikao cha kukuuliza kama unataka. Kule klabu inajichagulia. Poole Pirates, mabingwa wa Uingereza mara kadhaa, mara ya mwisho 2018, waliamua wenyewe kuteremka baada ya msimu wa 2019. Corona ikafuta 2020, kisha wakabeba Championship 2021 na 2022. Kubeba mara mbili mfululizo na kubaki palepale!

Tazameni Poland. Klabu ya Krosno walipanda Ekstraliga, ligi ya juu ya huko, wakakimbia 2023, wakashuka mwaka uleule. Unia Leszno walikuwa mabingwa mara nne mfululizo, 2017 hadi 2020, na 2024 wakashuka. Hakuna aliyewahurumia kwa jina lao. Ndiyo maana watu wanajaa viwanjani.

Mchangiaji, Mombasa

Poland kuna fedha za runinga, za halmashauri za miji na za kampuni kubwa. Uingereza, Eastbourne walijitoa katikati ya msimu wa 2021, Newcastle wakajitoa 2022. Workington, baada ya ubingwa huo mnaousifu, walipoteza uwanja wao. Mlazimishe bingwa wa namna hiyo apande, mtakuwa mmemzika.

Mtoa mada

Nimewasoma wote.

Ndugu wa Dodoma, Mombasa amekujibu vizuri, nami namuunga mkono. Kupanda kwa lazima kunahitaji klabu zenye uwezo wa kupanda. Poole waliteremka wakaendelea kuishi, na uwanja wao wa Wimborne Road bado unanguruma Jumatano. Sioni aibu katika hilo. Daraja la pili lina haki ya kuwa mahali pa kukaa, lenye mabingwa wake na uhasama wake. Glasgow na Edinburgh wanapokutana, hakuna anayewaza ngazi ya kwenda juu.

Ndugu wa Leicester, hoja ya riziki ni nzito na siipuuzi. Ila tutenganishe mambo mawili. Bewley alikuwa kijana wa daraja la pili aliyepewa nafasi ya ziada juu. Huyo mwacheni, hata awe na klabu mbili miaka mitano. Ninayempinga ni mzoefu wa Premiership anayeshuka kuongeza kipato, anakaa kwenye nafasi ambayo kijana angejifunzia. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kila klabu ya Championship iruhusiwe mzoefu mmoja wa aina hiyo, basi. Klabu iliyomkuza mtu tangu mwanzo ipunguziwe wastani wake kwenye hesabu ya ukomo, isilazimike kumtema kwa kosa la kufaulu. Na mechi zikigongana, ratiba ya daraja la pili isiwe ndiyo inayopisha kila mara.

Wewe uko Leicester, na Leicester Lions walikuwa mabingwa wa Championship 2019 kabla ya kuhamia ligi ya juu 2023. Niambie, kati ya wale saba wa 2019, walibaki wangapi msimu uliofuata wa mbio? Na waliokuwa wakikaa jukwaani nawe, walionaje timu yao ilipopanguliwa?