Naombeni ushauri: niendelee kuwafundisha wenzangu au nijifungie nisome mwenyewe?

Kijana wa Vimbweta: Habarini wakuu. Nipo chuo mwaka wa pili, sayansi na ualimu. Jioni huwa nakaa na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza pale vimbwetani, kwenye viti vya zege vya nje, tunapiga fiziolojia ya wanyama. Ilianza na mmoja aliyeniomba nimweleweshe figo, sasa wanajaa mpaka wengine wanasimama. Faida naiona: kitu nikishakieleza mpaka watu wakanyamaza kwa kuelewa, hakinitoki tena. Desa, yaani notsi za somo, naweza kulikesha usiku kucha na asubuhi sikumbuki hata kichwa cha habari. Tatizo ni kwamba UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ni mwezi ujao na muda wa kusoma peke yangu umekwisha. Mwenzangu wa chumbani ananiambia najimaliza. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama Wawili: Mwanangu, usiwatupe watoto wa watu. Mimi Kurani niliijulia kwa kufundisha. Ustadhi alikuwa mmoja na sisi tumejaa ukumbini, ukimaliza juzuu amma unakabidhiwa wadogo uwasikilize. Kulikuwa na katoto kakichanganya sini na swadi, na kumnyoosha yeye ndiko kulikoninyoosha ulimi mimi. Leo binti yangu wa darasa la sita ananifundisha hesabu za sehemu, tena ananigombeza! Na ule ushibe, mwanangu. Mwenye njaa halali.

Kijana wa Vimbweta: Shikamoo mama, nashukuru.

Mzee wa Chaki: Nimeshika chaki sekondari miaka mingi, nina la kukuuliza. Kuna utafiti wa Singapore uliotoka mwaka 2018. Waliofundisha bila karatasi mkononi walikumbuka vizuri wiki moja baadaye. Waliofundisha kwa kufuata maandishi hawakufaidika hivyo. Faida inatoka kwenye kulichimbua jambo kichwani mwako. Sasa wewe unafundisha desa likiwa wazi au limefungwa? Na somo hilo mwaka jana ulipata ngapi?

Kijana wa Vimbweta: Mzee wangu, desa huwa pembeni, la kuchungulia michoro tu. La maksi naona halihusiani na nilichouliza.

Kisu Butu: Linahusiana sana. Upo mwaka wa pili, somo ni la mwaka wa kwanza, ulishalimaliza. Sasa unaogopa UE ipi?

Kijana wa Vimbweta: Sawa. Somo nimelibeba. Mwaka jana lilinikamata, sapu, ule mtihani wa marudio, nayo ikagoma, kwa hiyo nitaufanya mtihani huo pamoja nao. Wao hawajui, wananiita kipanga. Na kweli wanachanga buku mbili mbili, lakini ni za kutoa kopi na kalamu za ubao. Kwani kuna ubaya gani? Aliyeanguka anajua mashimo yalipo kuliko aliyepata A. Tena Jumamosi nimeshawatangazia pindi la neva, siwezi kurudi nyuma.

Tangawizi: CHAI! Mtu kaanguka mara mbili halafu watu wanamlipa na kusimama kumsikiliza? Hili ni tangazo la tuisheni. Kaeni hapa hapa, sasa hivi anaweka namba ya simu.

Kisu Butu: Hata mimi nimeanza kunusa.

Binti Maabara: Msibishane, mtu anapimika. Kijana, funga desa utujibu: mvuvi akiishiwa maji baharini akanywa ya chumvi, kwa nini anazidi kukauka?

Kijana wa Vimbweta: Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Ili chumvi ya lita moja aliyokunywa itoke yote, inabidi akojoe zaidi ya lita moja, na hiyo nyongeza inachotwa mwilini mwake. Ukali wa mkojo unatokana na kitanzi cha Henle, mrija mwembamba ndani ya figo unaoshuka, unajikunja, kisha unapanda. Mkono unaopanda unasukuma chumvi nje, pembeni panakuwa pakali, halafu mkono unaoshuka na mfereji wa mwisho vinapoteza maji kwa osmosisi, yaani maji yanafuata palipo na chumvi kali.

Binti Maabara: Vizuri. Kwenye mkono unaopanda, chumvi inatoka. Mbona maji hayaifuati?

Kijana wa Vimbweta: Ukuta wake haupitishi maji.

Binti Maabara: Kwa nini?

Kijana wa Vimbweta: Dada, desa linasema haupitishi, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Binti Maabara: Hilo ndilo jibu la uzi wako. Maji hupita kwa wingi kwenye vitundu vya protini viitwavyo akwaporini. Peter Agre alipata Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Mkono unaoshuka unavyo, unaopanda hauna. Kwenye mfereji wa mwisho vitundu hivyo huongezeka pale homoni ya ADH, ile inayobana maji mwilini, inapofika. Wadogo zako hawakuulizi "kwa nini" kwa sababu nani atambishia kipanga? Kule kunyamaza unakokuita kuelewa, mimi nakutilia shaka. Waambie umelibeba. Watakubana, na bila kubanwa utafundisha mpaka UE na mashimo yako yabaki pale pale.

Mzee wa Chaki: Naongezea. Kalamu isiwe yako kila siku. Mwalimu Jean-Pol Martin, huko Ujerumani miaka ya 1980, aliwakabidhi wanafunzi wake wa Kifaransa kazi ya kuandaa kipindi na kukifundisha wenyewe. Gawa mada. Jioni ambayo mwingine anafundisha wewe uliza maswali, na mada zisizokupa shida usiende kabisa, jifungie usome.

Tangawizi: Bado nasema chai, ila la figo nimelielewa leo, na nilimaliza shule zamani. Ngamia je, yeye anawezaje?

Mama Wawili: Hela za watoto zirudishwe.

Kijana wa Vimbweta: Mama, za nyuma zimeishia kwenye kopi, ila kuanzia sasa sichangishi. Neva nitamwachia binti mmoja anayeulizauliza sana. Na la kwamba nimelibeba nitawaambia Jumamosi, baada ya pindi.

Binti Maabara: Kabla ya pindi.