Wiki ya mbizi kwenye boti ya safari: Misri kaskazini, Misri kusini au Maldivi?

Bahari_Tanga (mleta mada)

Wakuu, habari za siku. Mimi na mdogo wangu wa kike tumeweka akiba ya wiki moja ya kupiga mbizi kwenye boti ya safari: unalala humo humo, unakula humo humo, asubuhi unaamkia juu ya mwamba. Tulichozoea ni Mafia na Mnemba, jioni tunarudi nchi kavu. Mimi nina cheti cha Advanced (hatua ya pili ya mafunzo) ila daftari langu halijafika mbizi 50. Mwenzangu ana Open Water (cheti cha kwanza), yaani mwisho wake mita 18. Likizo yetu itakuwa Aprili au Novemba.

Tunapima safari tatu. Misri kaskazini (meli iliyozama ya Thistlegorm, mwamba wa Abu Nuhas, Ras Mohammed), Misri kusini (visiwa vya Brothers, miamba ya Daedalus na Elphinstone), na Maldivi kwenye atoli za kati, yaani visiwa na miamba iliyojipanga mviringo. Yeye anataka papa, mimi nataka meli zilizozama. Tunachokubaliana ni kwamba tuzame pamoja, asiachwe mtu juu ya boti. Aliyekwenda atusaidie.

Kolekole

Mkuu, Misri kusini iondoeni kwanza. Brothers na Daedalus ni hifadhi za bahari kuu, na masharti yake yanataka mzamiaji awe na mbizi 50 zilizoandikwa. Wakaguzi wa vyeti kwenye boti nzuri wanafungua daftari lako ukurasa kwa ukurasa.

Sharti hilo lina sababu. Brothers ni visiwa viwili vidogo vya mawe, kilomita zipatazo 60 kutoka pwani, na ukuta wake unashuka wima kwenda kusikoonekana. Hakuna mchanga chini wa kukuzuia ukishuka kupita kiasi. Mkondo unagonga ncha ya kisiwa na kugawanyika, upande mmoja unakubeba kwenda mbele na mwingine unakuvuta chini. Unaruka kutoka boti ya mpira huku wimbi likiinyanyua, na unarudi humo humo kwa kutoa mtungi kwanza.

Nasema haya nikiipenda sana sehemu ile. Kisiwa kikubwa kina mnara wa taa wa mwaka 1883, na chini yake zimelala Numidia iliyozama 1901 na Aida ya 1957, zote mbili zimevaa matumbawe laini hadi chuma hakionekani. Daedalus kuna papa mbingusi, wale wenye kichwa kama nyundo. Elphinstone, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huja papa wa bahari kuu mwenye mapezi ya ncha nyeupe, na huyo hapiti tu: anakuzunguka, anasogea, anataka kujua wewe ni nani. Ukikutana naye uwe umeshatulia majini, mikono haipepei. Mtafika, lakini baadaye.

BintiMuscat

Assalaam aleykum. Mimi naitetea Maldivi, na nitawaambia kwa nini watu wa pwani yetu wanaielewa upesi.

Upepo wao ndio wetu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Aprili, maji safi ya bahari kuu yanasukumwa kuingia atoli kwa upande wa mashariki, kupitia milango wanayoiita kandu. Papa wanajipanga mdomoni mwa milango hiyo. Taa wakubwa, wale samaki wapana wanaoitwa manta, wao wanafuata chakula, kwa hiyo wakati huo wako upande wa magharibi, maji yanakotoka yakiwa yamejaa vijidudu. Ikigeuka kusi, kila kitu kinahama upande. Kwa hiyo mtu anayekuambia "Maldivi utaona taa" bila kukuuliza unakwenda mwezi gani, hajakusaidia.

Maisha ya boti kule ni raha. Boti kubwa mnalala, na pembeni kuna dhoni inayobeba mitungi, kompresa na vifaa vyote, basi kelele na maji ya chumvi haviingii mnapolala. Mbizi tatu kwa siku, na usiku mmoja Alimatha, atoli ya Vaavu, ambako papa walalao chini wanapita kwa makumi kati ya miguu ya watu. Papa potwe wanaonekana kusini mwa atoli ya Ari mwaka mzima. Hanifaru, kule Baa, hairuhusiwi mitungi hata kidogo. Unaogelea juu kwa miwani na mrija, na msimu wake ni Juni hadi Novemba.

Kina mwisho ni mita 30 kisheria kwa kila mtu. Viza unagongewa ukifika, raia wa karibu nchi zote, siku 30 bila malipo. Ila hesabuni kodi: tangu Januari 2025 kodi ya kijani kwenye boti ni dola 12 kwa kila mtu kila usiku, na juu yake iko ile ya utalii ya asilimia 17. Bei iliyotangazwa mara nyingi haina hizo ndani.

Mkunga_Diani

Dada Binti umeeleza vizuri, lakini soma tena alichoandika jamaa. Mdogo wake ana mita 18. Kandu nyingi zinataka ushuke haraka ukiwa huna hewa kwenye jaketi la kuelea, ufike mdomo wa mlango kwenye mita 25 au zaidi, ushikize ndoano kwenye mwamba uliokufa na ukae hapo mkondo ukikupiga usoni. Aliyezoea Mafia ameonja mkondo pale Kinasi, sikatai. Kuonja siku moja na kuupata asubuhi, mchana na jioni wiki nzima ni vitu viwili tofauti, na anayeishiwa hewa mapema anamtoa mwenzake pia.

Mimi nawaambia kaskazini mwa Misri. Bahari ya Shamu haina mto mkubwa unaomwaga ndani yake, maji ni maangavu kuliko mliyozoea, na kupwa na kujaa ni kudogo. Miamba mingi inaanzia mita 5, kwa hiyo mwenye mita 18 anaona kila kitu. Abu Nuhas kuna meli nne kwenye mwamba mmoja: Carnatic ya 1869, Kimon M ya 1978, Chrisoula K ya 1981 na Giannis D ya 1983. Carnatic mbao zake zimekwisha, zimebaki mbavu za chuma, na jua la asubuhi linapita katikati na kuwaangazia samaki wadogo wa rangi ya kioo waliojaa ndani. Ningeirudia hiyo kabla ya nyingine zote.

Halafu Thistlegorm yenyewe. Ilitoka Uingereza na shehena ya jeshi la Waingereza lililokuwa Misri, ikazunguka Afrika yote kupitia rasi ya kusini kwa sababu Mediterania haikupitika kwa salama, ikapanda na bahari yetu hii. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1941, ikiwa imetia nanga ikisubiri nafasi ya kwenda Suez, ndege za Wajerumani ziliipiga mabomu. Tisa walikufa. Shehena ya risasi ililipuka na kuuchana upande wa nyuma. Vichwa vya treni vilivyokuwa juu ya sitaha vilirushwa, na sasa viko mchangani pembeni ya meli. Ndani ya matumbo yake kuna malori ya Bedford na pikipiki za BSA zimepangwa kama siku zilipopakiwa, magurudumu yakitazama upande mmoja. Chini kabisa ni mita 30, sitaha iko kama mita 16. Nendeni alfajiri kabla boti za mchana za mji wa Sharm el-Sheikh hazijafika. Na msiguse kitu. Kila anayeng'oa kifaa anamwibia anayekuja kesho, na ile ni kaburi la watu.

Ubaya wake: baridi. Aprili maji yako kwenye nyuzi 22 au 23, mtu wa Tanga atatetemeka mbizi ya tatu. Novemba ni afadhali, nyuzi 25 au 26, lakini hata hivyo chukueni suti ya milimita 5 na kofia yake. Na dada hapati papa wengi, hilo nisimdanganye.

Bahari_Tanga

Mkunga, ahsante, umenigusa penyewe. Swali: mwenye Open Water anaruhusiwa Thistlegorm? Na kingine, mama yetu amesikia habari za boti kuzama Misri na amegoma kutupa baraka.

Nahodha_Mstaafu

Mama yenu ana haki, kijana. Msimbembeleze, mjibuni kwa mambo ya kweli.

Novemba 2024 boti iitwayo Sea Story ilipinduka kusini, eneo la Marsa Alam, kabla ya mapambazuko watu wakiwa vyumbani. Watu 11 walikufa au hawakuonekana tena, na baadhi ya waliopona walikaa zaidi ya siku nzima wamenasa ndani. Marekani nako, Septemba 2019, boti ya Conception iliungua usiku pwani ya California, wakafa 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha. Hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku.

Kwa hiyo kabla ya kulipa muandikieni mwenye boti na mtake majibu kwa maandishi. Nani yuko macho usiku, na anazunguka kila baada ya muda gani? Chumba chetu kina njia ya pili ya kutokea, na inatokea wapi? Njia mbili zinazoishia kwenye saluni moja ni njia moja. Betri za kamera na taa zinachajiwa wapi? Zisichajiwe chumbani, wala zisiachwe usiku bila mtu. Zoezi la jaketi okozi linafanyika siku ya kwanza kabla ya kung'oa nanga? Kuna oksijeni ya kutosha kwa watu wawili kwa saa kadhaa? Boti imeongezewa ghorofa baada ya kuundwa? Uzito wa juu ndio unaopindua chombo, hilo hata mwenye mashua wa Pangani anakwambia.

Anayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu. Mkifika, usiku wa kwanza tembeeni njia ya kutokea mkiwa mmezima taa, mikono ukutani, mpaka miguu iijue. Mimi pia ningechagua chumba cha juu hata kwa kuongeza pesa.

Kolekole

La Open Water: boti nyingi zinataka Advanced kwa Thistlegorm, na anaweza kuisoma hapo hapo botini siku za mwanzo. Lakini kozi itamlia mbizi zake za starehe. Ningekuwa nyinyi ningemfanyia Mafia kabla ya safari, huku mkiwa mnamtazama potwe wa Kilindoni, maana Oktoba msimu umeshafunguka. Akimaliza, aongeze kozi ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni. Kwa mbizi tatu nne za kila siku ile asilimia 32 ya oksijeni inapunguza nitrojeni mwilini, mradi asipite mita 33.

BintiMuscat

Nimekubali hoja ya Mkunga kwa Novemba hii. Lakini mdogo wako akishapata mbizi zake, Machi moja mleteni Vaavu. Na huku kwetu Muscat visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, mnatoka asubuhi mnarudi mchana, mkondo ni mpole na kasa ni wengi. Pazuri pa kuongeza daftari.

Bahari_Tanga

Tumeamua: Novemba, kaskazini, Advanced tunaimaliza Mafia Oktoba. Mwenye boti mmoja amejibu maswali ya Nahodha yote, mwingine amenyamaza. Ratiba inaonyesha mbizi ya mwisho Ijumaa saa 4 asubuhi, nami nimeona ndege ya Hurghada kwenda Kairo Ijumaa usiku saa 3, halafu Dar. Inafaa?

Mkunga_Diani

Haifai. Baada ya siku nyingi za mbizi za mfululizo unasubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege yoyote, na ile fupi ya ndani nayo ni ndege. Kwenu ni Jumamosi saa 10 alfajiri kwa uchache, wengi wanangoja saa 24. Kateni ya Jumamosi mchana. Ijumaa jioni osheni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi na mvianike sitahani, suti ikiwa mbichi itawaongezea kilo kwenye mzani wa uwanja.