Naomba ushauri: nataka kuvaa kilti siku za kazi, si harusini tu

Kelvin_Upande
Wakuu, habari za leo. Niko Glasgow, Uskoti, kazi ya ofisini, na bosi amesharidhia. Nataka kuvaa kilti, lile vazi la wanaume wa Kiskoti lililo kama sketi ya marinda, siku tatu kwa wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Huku mwanaume akivaa kilti Jumatatu asubuhi watu humkumbuka miaka, na akiwa Mwafrika ndiyo hawamsahau kabisa. Sasa sitaki nikumbukwe kwa kuivaa ovyo. Nimeona moja mtandaoni ya bei chee. Nianzie wapi? Na je, asiye na ukoo wa Kiskoti anaruhusiwa kuvaa tartani, kile kitambaa cha mirabaraba cha kilti?

FundiMarinda
Mkuu, hiyo ya bei chee iache. Nyingi ni akriliki nyepesi, yadi 4 au 5, marinda yamepigwa pasi tu bila kushonwa hadi nyongani. Upepo ukivuma kitambaa kinapanda. Kinachoibakisha kilti chini ni uzito wa sufu iliyojikusanya nyuma. Kilti kamili inakula yadi 8, kama mita 7.3, na sehemu kubwa iko kwenye marinda. Mbele ni bapa. Kama unatembea sana nje, agiza sufu ya aunsi 16 kwa yadi. Kama kutwa uko ndani kwenye joto, aunsi 13 inatosha. Nyepesi kuliko hapo marinda hulegea upesi.

Vipimo ndipo wengi wanapoharibu, maana wanampa fundi namba ya suruali. Suruali inakaa nyongani, kilti inakaa kitovuni. Mwenye jinzi ya 34 anaweza kukutwa na 37 kitovuni, basi kilti inakuja haifungi. Pima kiuno usawa wa kitovu, nyonga pale zilipojaa, halafu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti. Apime mtu mwingine, kwa sababu ukiinama kusoma namba, kipimo kinahama. Ikifika, piga magoti sakafuni mgongo wima: upindo uelee kama inchi moja juu ya sakafu. Upindo ukigusa sakafu, kilti ni ndefu, na kilti ndefu ni kosa linaloonekana hata ng'ambo ya barabara.

Kelvin_Upande
Asante sana fundi. Na kuifunga? Naona ina mikanda mitatu.

FundiMarinda
Marinda yakae nyuma, katikati ya mgongo. Ncha ya kulia inapita mbele ya tumbo kwenda kushoto, na mkanda wake unachomoza kwenye tundu la kiunoni upande wa kushoto. Fungia hapo nje. Kisha ncha ya kushoto inakuja juu yake na kufungwa kulia kwa mikanda miwili. Wa juu ukaze, wa chini ulegee kidogo, la sivyo marinda yatafunuka makalioni.

Pini ya pembeni ichome kitambaa cha juu PEKEE, inchi 2 kutoka ukingo na 4 kutoka upindo. Kazi yake ni uzito. Ukiibana na cha chini, siku utakapopanda ngazi haraka itachana vyote viwili.

Sporani, ule mfuko wa mbele, ining'inie upana wa kiganja chini ya bizimu. Kwa kila siku chukua ya ngozi tupu yenye mkanda wa ngozi. Mnyororo wa harusini husaga sufu mgongoni hadi itoboke.

Mwanakombo_Leith
Kaka, ongezea kukaa. Kabla ya kuketi, pitisha migongo ya mikono miwili nyuma, ukilaza marinda kuelekea mapajani, ndiyo ukae. Wanaojitupa kwenye kiti cha basi huinuka na mikunjo iliyovunjika mlalo, na hiyo haitoki bila mvuke. Mbele, kitambaa kianguke katikati ya mapaja na sporani ikilalie.

Kama ni Mwislamu, kumbuka sitara ya kitovu hadi goti: ukiketi goti linatoka, na kwenye rukuu na sujudi upindo wa nyuma unapanda. Usirefushe kilti kwa ajili hiyo, itaharibika umbo. Vaa kaptura nyembamba inayofunika magoti, au uwe na kikoi cha kujifunga juu wakati wa sala.

Na swali la "ndani umevaa nini" litakuja. Jibu fupi, endelea na safari. Ila mkono unaoinua kitambaa chako si utani hata kama mwenye nao anacheka: kataa kwa sauti, na ofisini peleka malalamiko.

Tartani_Moja
Kuhusu ukoo: hakuna sheria inayokukataza. Tartani ya Balmoral tu ndiyo desturi huiachia familia ya kifalme. Kuna rejista ya taifa ya tartani tangu 2009, pekua humo ujue unachovaa kinaitwaje, maana utaulizwa. Tartani iitwayo Black Watch, kijani na buluu iliyokolea, inavaliwa na yeyote na haionyeshi madoa. Ushauri wangu ni ushike moja. Watu wakishaizoea, hiyo ndiyo alama yako. Juu vaa sweta ya rangi moja, miguuni buti. Koti la vifungo vya fedha ni la harusi.

Kisu cha soksini kiache nyumbani. Sheria ya Uskoti ya 1995 inakitambua kama sehemu ya vazi la taifa, lakini uwanja wa ndege hakipiti mkononi.

Kelvin_Upande
Nimewaelewa wote. La mwisho: ikilowa chapachapa?

FundiMarinda
Usiiweke karibu na hita, na mashine ya kufulia usiisogelee. Itundike kwa kiuno, ikauke polepole chumbani. Marinda yakifunuka, yapange moja moja kwa kufuata mistari, yapige bandi kwa uzi mweupe mistari miwili, mmoja juu kidogo ya upindo, mwingine katikati. Weka kitambaa kibichi cha pamba juu, kandamiza pasi bila kuiburuta, inua, sogeza. Iache ipoe kabisa hapo hapo ndipo ufumue bandi. Ukifumua ikiwa bado ina joto, utarudia kazi yote.